Huyo Uliyemnunua ni Ngege Gani?

Mpenzi msomaji, ukimwuliza mtu wa Naivasha samaki aliye mezani ni wa aina gani, atakujibu bila kusita kwamba ni tilapia. Ukiendelea kumwuliza ni tilapia gani, atakutazama kana kwamba una kichaa. Samaki ni samaki, atakwambia. Wewe kaanga, tia nyanya na vitunguu, ulete ugali.

Hivyo ndivyo alivyofikiri dada yangu mkubwa pia, hadi siku alipoketi kando ya kidimbwi chake mwenyewe mtaani Kihoto, akajifunga leso kiunoni na kulia.

Dada yangu alikuwa amefanya kazi ya kukata maua kwa miaka mingi. Alipoacha, mwaka 2018, alichukua akiba yake ya chama akachimba kidimbwi nyuma ya nyumba, mita kumi kwa kumi. Udongo wa Naivasha ni wa volkano na hauzuii maji, basi ikabidi anunue turubai zito la plastiki la kutandika chini. Turubai hilo pekee lilikula zaidi ya nusu ya akiba. Zilizobaki zilinunua chakula cha samaki na vifaranga 300, kwa shilingi 10 kila mmoja. Kijana aliyewaleta kwa ndoo aliapa kwamba ni tilapia wa Nile halisi, waliozalishwa mahali panapotambulika, na kwamba kwa miezi minane kila mmoja atajaza sahani.

Hesabu ya dada ilikuwa ya karo. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaingia kidato cha kwanza.

Miezi minane ilipita, kisha kumi. Samaki walikuwa wengi ajabu, wamejaa kidimbwini kama mchele chunguni, lakini mkubwa wao hakuzidi kiganja cha mkono. Wateja walikuja, wakachungulia, wakaenda zao. Chakula kilikuwa kinanunuliwa kila wiki.

Mwishowe alimwita mzee mmoja jirani, mvuvi wa siku nyingi. Mzee alivuta wavu mara moja tu, akamwaga samaki juu ya gunia, akaanza kuwatenga kwa mikono kama mtu anayechagua maharagwe.

"Mama, alikwambia hawa ni nini?" aliuliza.

"Wa Nile, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. "Wa Nile humu ni hawa wachache. Hawa wengine wote ni wa hapa hapa ziwani. Umeuziwa samaki wa jirani yako."

Juu ya gunia kulikuwa na mafungu manne. Nitakueleza, ndugu msomaji, kila fungu lilikuwa la nani, ili siku yako ya kununua ikifika usiwe wa kulia.

JINA MOJA, SAMAKI WENGI

Kwanza tuliondoe tatizo la majina. Neno ngege tunalolitumia sasa kwa kila tilapia lilikuwa hapo zamani jina la samaki mmoja wa Ziwa Victoria, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus. Mwenzake aliitwa mbiru. Wote wawili ni wenyeji wa ziwa lile. Katika miaka ya 1950 tilapia wageni walitiwa humo, miongoni mwao yule wa Nile, ambaye Waluo humwita nyamami. Baadaye akaja pia sangara kuwa mlaji wa wenzake. Ngege wa asili karibu atoweke katika ziwa kubwa. Leo anapatikana zaidi katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli kule Siaya. Samaki amekwenda, jina lake limebaki na wageni.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hawa ni ngege", hajadanganya, lakini pia hajakwambia lolote. Ni sawa na kuuliza mbegu ya mahindi ukajibiwa kwamba ni mahindi.

Ziwa Naivasha nalo lina kisa chake. Karibu samaki wote unaowaona humo waliletwa na watu. Mwaka 1925 aliletwa tilapia kutoka Mto Athi, aitwaye Oreochromis spilurus. Mwaka 1929 akaletwa samaki wa Marekani aitwaye black bass kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa ndoano. Mwaka 1956 wakaingia tilapia wawili zaidi: yule wa tumbo jekundu na yule wa madoa meupe. Hao wawili ndio wamedumu. Tilapia wa Nile alijaribiwa mwaka 1967, akatoweka baada ya muda mfupi, kisha akarudishwa kuanzia mwaka 2011.

Yule wa Mto Athi je? Alikutana na yule wa madoa meupe, wakaoana. Watoto wao wakaoana tena na wa madoa meupe, na wajukuu vivyo hivyo, hata ilipofika mwaka 1971 samaki wa Mto Athi alikuwa amekwisha kabisa ziwani. Mchanganyiko huo uliandikwa na wataalamu mwaka huo huo, na mpaka sasa hutajwa kila inapozungumzwa habari ya samaki kumezwa na ukoo mwingine bila hata kuliwa.

FUNGU LA KWANZA: WA NILE

Sasa turudi kwenye gunia la dada. Fungu dogo kuliko yote lilikuwa la tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus.

Ukitaka kumtambua, usianze na kichwa wala rangi ya mwili. Anza na mkia. Utandaze mkia wake kwa vidole viwili, kisha umwinue penye mwanga. Utaona mistari myembamba ya rangi ya kijivucheusi imesimama wima, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shina la mkia hadi ukingoni. Ni kama kitambaa cha mistari. Hata samaki wa urefu wa kidole anaweza kuwa nayo ukimtazama vizuri. Dume lililokomaa huwa na wekundu kwenye mkia, kifua na kichwa wakati wa kutafuta jike.

Huyu ndiye anayekua haraka na kuwa mkubwa, ndiyo maana wafugaji wanamtafuta. Lakini na yeye ana sharti lake: anapenda joto. Hukua vizuri zaidi maji yakiwa ya nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake unaujua. Hapa atakua, ila polepole kuliko binamu yake aliye Kisumu. Mtu akikuahidi miezi sita hapa Naivasha, mwulize maji yake anayachemshia wapi.

FUNGU LA PILI: WA MADOA MEUPE

Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la Oreochromis leucostictus. Jina hilo la pili limetoka Kigiriki, na maana yake ni mwenye madoa meupe. Alipewa mwaka 1933 na Bi Ethelwynn Trewavas, mtaalamu wa samaki katika jumba la makumbusho la London.

Huyu mkia wake hauna ile mistari iliyonyooka. Ana madoa meupe au ya kijivu yaliyotapakaa kwenye mapezi na ubavuni. Dume likiwa katika msimu wake huwa jeusi jeusi, kisha yale madoa hung'aa juu ya weusi kama nyota. Jike ni la kijivu au rangi ya zeituni, limepoa, halina makuu.

Hapa ndipo wengi hukosea, msomaji wangu. Wanaona dume jeusi na jike la kijivu, wanadhani ni samaki wa aina mbili. Usimtenge mume na mkewe ukafikiri ni makabila mawili! Ukitaka hakika, mgeuze samaki chali utazame nyuma ya tumbo. Dume lina matundu mawili, jike lina matatu. Samaki wawili wakifanana kwa mapezi na madoa lakini wakatofautiana kwa weusi tu, tazama jinsia kwanza kabla ya kutoa hukumu.

Ubaya wa huyu kidimbwini ni kwamba huanza kuzaa angali mdogo. Badala ya chakula unachomnunulia kwenda kwenye minofu, kinakwenda kwenye mayai. Kufikia mwisho wa mwaka una maelfu ya wajukuu, na huna hata mmoja wa kujaza sahani.

FUNGU LA TATU: WA TUMBO JEKUNDU

Huyu vitabu vya zamani vilimwita Tilapia zillii. Tangu mwaka 2013 wataalamu wamemhamishia ukoo mwingine, na sasa huitwa Coptodon zillii. Samaki ni yule yule.

Mwili wake ni wa rangi ya zeituni, una mistari ya kusimama iliyokatwa na mistari ya kulala, hata anaonekana kama amevaa shati la mirabaraba. Kifua na tumbo huwa vyekundu, hasa wakati wa kuzaa. Mwishoni mwa pezi la mgongoni ana doa jeusi lililozungukwa na ukingo wa rangi hafifu au ya manjano, kama jicho la pili.

Lakini ngoja, usikimbie sokoni na elimu hii nusu! Doa hilo la mgongoni huonekana hata kwa watoto wa tilapia wa aina nyingine. Tofauti ni kwamba wenzake hulipoteza wanapokua, naye hubaki nalo. Kwa hiyo ukiona doa kwa samaki mkubwa, ni ushahidi mzuri. Ukiliona kwa kifaranga, si ushahidi wa chochote. Huyu hupenda majani, na ukiwa na mimea kidimbwini utamwona akiitafuna.

Namna bora kabisa ya kumtambua ni kumwangalia akizaa. Jike la tilapia wa Nile na lile la madoa meupe hubeba mayai mdomoni. Dume huchimba shimo kama sahani chini ya maji, jike hutaga hapo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyatunza humo mpaka yaangue na watoto waweze kuogelea. Muda wote huo hali kitu, au hula kwa shida. Wafugaji wengi wageni wamemwona mama akiwatema watoto, wakapiga kelele kwamba amewameza. La hasha! Alikuwa anawalinda.

Yule wa tumbo jekundu hana mambo hayo. Huyabandika mayai yake chini au juu ya jiwe, kisha mume na mke husimama zamu kuyalinda, wakimfukuza kila apitaye. Ukiona wazazi wawili wamesimama ubavuni mwa fungu la mayai, huna haja ya kutazama mkia.

FUNGU LA NNE

Fungu la mwisho lilikuwa na samaki kama ishirini hivi. Mzee aliwageuzageuza, akawatazama mkia, akawainua juani, kisha akawaweka peke yao.

"Hawa baba yao simjui na mama yao simjui," alisema.

Walikuwa na mistari mkiani, lakini imekatikakatika, na katikati yake madoa meupe. Hao ni machotara. Tilapia wa ukoo wa Oreochromis huoana kwa urahisi wakiwekwa pamoja, na watoto wao wanaweza kuzaa pia. Ndipo linapozuka jambo ambalo macho peke yake hayawezi kulimaliza. Chotara wa kwanza unaweza kumshuku. Mjukuu wa chotara anaweza kufanana kabisa na bibi yake mmoja, hali damu yake ni ya wote wawili.

Ukidhani haya ni mambo ya vidimbwi vya nyuma ya nyumba tu, panda matatu uelekee kaskazini mpaka Loboi, karibu na Ziwa Bogoria.

NDUGU WA CHEMCHEMI

Kule Loboi kuna kinamasi kinachopata maji kutoka chemchemi tatu za moto. Ndani yake wanaishi tilapia wa Nile wa asili, ambao hawakuletwa na mtu. Wataalamu, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipochunguza vinasaba vyao, waligundua mambo mawili. La kwanza, samaki wa kila chemchemi wana tofauti na wa chemchemi nyingine, ingawa ni mwendo mfupi tu kati yao. La pili, lililotangazwa mwaka 2014, ndilo la kusikitisha: ndani ya damu yao mlikuwamo vinasaba vya yule wa madoa meupe. Walioshukiwa kuleta mchanganyiko huo ni ufugaji wa samaki uliokuwa umeongezeka katika eneo hilo.

Fikiria, ndugu msomaji. Samaki waliozoea maji ya moto kwa karne nyingi ni hazina. Siku moja mfugaji atataka mbegu inayovumilia joto, na mbegu hiyo iko pale, bure, katika kaunti ya Baringo. Lakini mtu mmoja akimwaga ndoo ya vifaranga asiowajua, hazina hiyo inaanza kuharibika kimya kimya.

Na Loboi si peke yake. Bi Trewavas, niliyemtaja hapo juu, alitoa mwaka 1983 kitabu kikubwa kuhusu tilapia wa Afrika. Humo aliwagawa tilapia wa Nile katika nasaba za mahali mbalimbali. Wa Ziwa Baringo aliwapa jina la ziwa lao, na wa bonde la Suguta hali kadhalika. Wa Turkana nao wana nasaba yao. Wote wana mistari mkiani, na wewe na mimi tukiwaweka kwenye karai moja hatutawatofautisha kwa urahisi. Katika hali hiyo kinachomtambulisha samaki ni mahali alipotoka, ndiyo maana mfugaji mwema huandika daftarini: wa wapi, lini, kutoka kwa nani.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Wale samaki wadogo wa Ziwa Nakuru wanaoliwa na mwari si wenyeji wa pale. Walitolewa Ziwa Magadi, wakatiwa Nakuru kati ya mwaka 1953 na 1962 ili wale viluwiluwi vya mbu. Mwari wengi walianza kukusanyika Nakuru baada ya chakula hicho kupatikana. Samaki hao, Alcolapia grahami, wana ndugu zao kule Ziwa Natron mpakani na Tanzania. Huko, wanaishi aina tatu katika maji yale yale, na hutambuliwa hasa kwa namna mdomo ulivyokaa: kuna mdomo wa mbele, wa kuelekea chini na wa kuelekea juu. Aina mbili kati ya hizo hazikupata majina yake ya kitaalamu ila mwaka 1999. Watu walikuwa wamewaona miaka yote hiyo wakisema, "samaki ni samaki."

Naivasha yenyewe ina msiba wa namna hiyo. Kabla ya wageni wote kuletwa, kulikuwa na kisamaki kimoja kidogo chenye macho ya kung'aa. Kwa miaka mingi vitabu vilikiandika kwa jina la samaki wa Ethiopia. Baadaye wataalamu wakaona hakikuwa yule, kilikuwa cha hapa peke yake. Lakini walikuwa wamechelewa, kwa kuwa mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Kilitoweka kabla hakijapewa jina lake.

UKIENDA KUNUNUA

Basi ufanyeje? Haya ndiyo tuliyojifunza mimi na dada yangu, naye amelipa ada ya masomo haya kwa fedha zake.

Kwanza, usinunue vifaranga kwa mtu wa ndoo usiyejua anakotoka. Wengi wa vifaranga hao huvuliwa ziwani au katika bwawa la mtu kwa chandarua. Nenda kwa mzalishaji anayejulikana, au mwulize afisa wa samaki wa kaunti akuelekeze. Kituo cha serikali cha Sagana kimefanya kazi ya mbegu za samaki kwa miaka mingi, na wapo wazalishaji binafsi pia.

Pili, omba kuwaona wazazi. Kifaranga anaweza kukuhadaa, lakini mzazi hafichiki. Tandaza mkia wake penye mwanga. Mistari ikiwa imenyooka hadi ukingoni, endelea. Ukiona madoa meupe au mistari iliyokatika, shukuru na uende zako.

Tatu, chukua vifaranga kumi uwaweke kwenye chupa pana ya kioo au tangi dogo la kioo kabla ya kulipa. Kwenye ndoo unaona migongo tu, na migongo yote ni sawa. Kwenye kioo unaona ubavu, mkia na pezi. Watoto wako nyumbani wanaweza kuweka tangi kama hilo mezani wakawachunguza samaki wachache kila siku. Nimeona mtoto wa darasa la tano akimshinda mvuvi kwa sababu alikuwa na subira ya kutazama.

Nne, uliza kama ni vifaranga wa kiume watupu. Wazalishaji wengi huuza hao ili samaki wasipoteze nguvu kwa kuzaa. Bei yake ni ya juu kidogo. Lakini rahisi ni ghali, na dada yangu ni shahidi.

Tano, pima samaki wako kila mwezi. Vua kumi, wapime kwenye mizani ya jikoni, uandike. Dada alisubiri miezi kumi ndipo akashtuka. Daftari lingemwambia mwezi wa tatu.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote: usimwage samaki wako mtoni wala ziwani, hata ukiwachoka. Sheria ya usimamizi wa uvuvi ya mwaka 2016 inataka idhini kabla ya kuingiza samaki wageni katika maji. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, umeona yaliyompata yule wa Mto Athi.

MAJI YALIPOFIKA KIHOTO

Baada ya lile gunia la mzee, dada alikausha kidimbwi. Wadogo waliuzwa kwa bei ya kutupa na wengine tuliwala sisi, kwa wiki kadhaa, mpaka watoto wakaomba sukuma wiki. Karo ya muhula ule tuliichanga ndugu. Mapema mwaka 2020 alianza upya, safari hii akiwa amewaona wazazi wa vifaranga kwa macho yake.

Mwaka huo huo Ziwa Naivasha lilifurika. Wakazi wa Kihoto mnakumbuka. Maji yalipanda kidogo kidogo, yakaingia mashambani, kisha uani, kisha ndani ya nyumba. Siku yalipofika kwenye ua wa dada, samaki wake walikuwa hawajafika nusu ya ukubwa.

Majirani walimwambia aache, Mungu ametaka, watakwenda ziwani. Yule mzee wa mafungu manne alikuja na wavu begani. "Mama," alisema, "ukiwaacha waende, kesho hutajua tena yupi ni wako na yupi ni wa ziwa. Na ziwa limekwisha kuchanganywa vya kutosha."

Hayo hakuyatoa hewani. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 yanaaminika ndiyo yaliyowasomba samaki aina ya kapu kutoka bwawa moja juu ya Mto Malewa. Walianza kuvuliwa ziwani miaka michache baadaye, na punde wakawa sehemu kubwa ya kila wavu. Ndoo moja ya maji ilitosha kubadilisha uvuvi wa ziwa zima.

Walivua usiku kucha, dada, mwanawe na mzee, maji yakiwa magotini. Asubuhi waliuza samaki wadogo kituo cha matatu kwa bei yoyote iliyotajwa. Hasara ilikuwapo, sitakuficha. Lakini siku ya tatu, turubai lilipozama, kidimbwi kilikuwa kitupu.

Maji yaliingia tena Kihoto mwaka 2025, na familia nyingi zikatoka kwa mashua kwa mara ya pili. Dada yangu alikuwa amekwisha kuhamia upande wa juu, kwenye kipande cha ndugu yetu. Ana kidimbwi kidogo kuliko kile cha kwanza. Kando yake, juu ya kigogo, kuna tangi la kioo na daftari la shule lenye gamba la buluu.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kununua vifaranga kwake. Alikuwa na haraka, amekuja na ndoo.

"Ni tilapia, sivyo?" aliuliza.

"Ni tilapia," dada alimjibu. "Lakini weka ndoo chini kwanza, mama. Njoo nikuonyeshe mkia."